Ule mpira wa tyubu uliokuwa unashikilia gia namba tatu

Siku ya kwanza naingia kwenye kebini ya ile Bedford, lori letu kuukuu, nilikuta kipande cha tyubu ya tairi kimekatwa kama mkanda, upande mmoja kimefungwa kwenye chuma chini ya dashibodi, upande wa pili kina kitanzi kinaning'inia tu. Mi nikajua ni cha kutundikia kitu, labda chupa ya maji. Shemeji ambaye tumenunua naye hili dude akasema hapana, hicho ni cha kufungia mlango ukigoma. Tukacheka tukaendelea na mambo mengine, maana mambo yenyewe yalikuwa mengi, gari lilikuwa limelala chini ya mjakaranda miaka sijui mingapi na kuku walikuwa wameshataga kwenye kiti cha dereva.

Wiki chache baadae tukawa tunashuka toka Karatu kuja Mto wa Mbu, wanaoijua ile njia wanajua ule mteremko, kona kona halafu ziwa unaliona lile kule chini kama sahani. Nyuma tulikuwa na mahema na viti vya kempu tu, mzigo si wa kutisha. Nimeweka namba tatu, nimeachia mafuta, injini inashika gari vizuri kabisa, nikaanza na kujisifia moyoni. Tap! Fimbo ya gia ikatoka yenyewe ikarudi frii. Yaani hakuna aliyeigusa. Gari likawa jepesi ghafla likaanza kukimbia, nakanyaga breki huku nasukuma fimbo irudi, inasaga krrrrr haiingii, shemeji kimya, nikimwangalia naona anasali. Mwisho nikakumbuka kukanyaga klachi, kuachia, kupiga mafuta kidogo, kukanyaga tena, ikaingia. Kuanzia hapo mpaka chini mkono wa kushoto ulikuwa juu ya fimbo nimeibana kwa nguvu zote na usukani nimeushika kwa mmoja.

Tulipofika chini tukasimama kununua ndizi nyekundu, nikakaa naangalia ule mpira. Nikaweka gia namba tatu, nikavuta kile kitanzi, nikakivisha kwenye fimbo. Kikakaa kama kimepimwa. Shemeji akaniangalia, mi nikamwangalia, hakuna aliyecheka.

Haya, kwa wasioijua hiyo gari. Bedford MK ni lori la jeshi la Uingereza la miaka ya 1970, fowili, yaani matairi yote manne yanavuta, wanajeshi wao walikuwa wanaliita tu tani nne kwa sababu ya mzigo wake. Diseli silinda 6, lita 5.4, gia nne za mbele, halafu kuna boksi la pili linalogawa nguvu mbele na nyuma na ndo lenye hai na lo, yaani mwendo wa kawaida na ule wa taratibu wenye nguvu. Tairi za nyuma ni moja moja, hazijapangwa mbili mbili, saizi 12.00-20, na juu ya paa la kebini kuna tundu la duara ambalo mwanajeshi alikuwa anachomoza kichwa. Zikija kuzeeka jeshi linazipiga mnada, na miaka ya 80 na 90 nyingi zilifika huku kwetu kwa njia ya ajabu kidogo, wazungu walizinunua wakazifungia viti na mahema nyuma wakawa wanabeba vijana wenzao toka London, wanakatiza Sahara, Kongo, mpaka Nairobi na Arusha, wengine mpaka Afrika Kusini. Watu wa Arusha wa umri wangu mnazikumbuka, zinapita zimejaa vumbi na watu wenye nywele kama katani. Kuna zilizorudi kwao na kuna zilizochoka zikabaki. Yetu ilichoka.

Na ukiwa na Bedford ujue huna baba. General Motors walikuwa wanaimiliki Vauxhall toka 1925, jina la Bedford likaanza 1931, kiwanda cha malori kilikuwa Dunstable, wakakiuza 1987, na aliyenunua naye akaishiwa pumzi 1992. Kwa hiyo hakuna dirisha la spea la kwenda kupiga foleni. Unatafuta kwa watu, unatafuta skrepa, au unakereza, yaani unachongesha kwenye mashine.

Nikaipeleka gereji moja, sitaitaja. Fundi akapanda, akachezesha fimbo, akashuka, hakuchukua hata dakika mbili. Giaboksi imekufa, boss. Tunaishusha, gia ya tatu imeisha meno, tutafute nyingine Nairobi. Akanitajia bei ambayo kwa hiyo bei mi ningenunua pikipiki mbili na chenji nikabakiwa nayo. Nikamuuliza umejuaje meno yameisha bila kufungua, akasema uzoefu. Sawa.

Sa bahati nzuri ni kwamba baba mkwe wangu aliwahi kuendesha Bedford. Siyo hizi za jeshi, zile za kawaida, alikuwa anabeba pamba Shinyanga enzi za ushirika, na mpaka leo ukimtajia hilo jina anakaa vizuri kwenye kiti. Alikuja Arusha kumsalimia mjukuu. Nikamwamkia, shikamoo baba, marahaba mwanangu, chai, maongezi ya mvua na mahindi, halafu nikasema baba kuna gari nataka ukalione. Akafika akaizunguka mara mbili bila kusema kitu. Akapanda. Hakuwasha. Alichofanya ni kushika kile kirungu cha juu ya fimbo kwa vidole viwili, kama mtu anavyoshika kikombe cha kahawa, akakipeleka kushoto, kulia, mbele, nyuma, taratibu sana, macho kafumba.

"Hapa gia ziko wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha.

"Hapana, nakuuliza gia ziko wapi. Mimi nasikia bati tu. Hii fimbo haijafika kwenye giaboksi, imeishia njiani."

Na ndo ilivyokuwa. Kwenye haya magari dereva anakaa mbele juu ya ekseli kabisa, injini iko katikati inaingia mpaka nyuma ya viti, na giaboksi iko nyuma ya injini huko chini ya bodi. Kebini yenyewe haipinduki kwenda mbele kama malori ya sasa. Kwa hiyo fimbo unayoishika haiingii moja kwa moja kwenye giaboksi, inasukuma rodi ndefu inayopita pembeni ya injini kwenda nyuma, na kila rodi inapoungana na kitu kingine kuna pini na bushi, kile kibomba ambamo pini inacheza. Mkono wako unaongea na gia kwa kupitia watu wa kati, na kila mtu wa kati akichukua chake kidogo, huko mwisho kinafika kiduchu.

Tukaingia chini na tochi. Kwanza rodi yenyewe. Kuna mtu aliwahi kuikata katikati akaunga kipande cha nondo ya milimita 16. Nondo! Ile ya kumwagia zege, na mistari yake imo. Alichomelea vizuri, siwezi kumsema vibaya, ila hakuwa ameinyoosha, ilikuwa na tumbo, kwa hiyo ukisukuma fimbo rodi inapinda kidogo kwanza ndo inasukuma. Halafu viungo. Nikachomoa pini ya kwanza, haikuwa hata na kotapini ya kuizuia isitoke, ilikuwa imefungwa na waya. Nikaipima kwa venia, kile kipimo cha milimita, sehemu ambayo haijaliwa ni 12.7, yaani nusu inchi, sehemu iliyoliwa 11.2, na tundu lake lilikuwa limeshakuwa yai, upana mrefu milimita 14. Bushi hamna kabisa, palibaki unga mweusi na grisi iliyokauka kama ugali wa jana.

Piga hesabu na mimi. Kiungo kimoja kinacheza milimita 2.8. Vingine viwili vilikuwa na afadhali kidogo, tuseme kwa pamoja vitatu vinakula milimita 7 na nusu. Fimbo ya gia nayo ni kama wenzo, inaegemea kwenye goroli kubwa, na yangu niliipima juu ya hiyo goroli ina sentimita 60 na chini yake ina 10. Maana yake chochote kinachopotea chini kinaonekana mara sita juu. 7.5 mara 6 ni 45. Sentimita 4 na nusu mkono wangu unatembea na giaboksi haijasikia salamu! Sa ukisukuma namba tatu unadhani umefika mwisho kumbe gia imeingia nusu, meno yameshikana kwenye ncha tu, ukiachia mafuta kwenye mteremko nguvu inageuka toka kwenye matairi kuja kwenye injini, inajisukuma inatoka.

Baba mkwe hakusema nilikwambia. Alisema tu, "Mkereze."

Fundi mkerezaji niliyemwendea ana mashine ya zamani kuliko Bedford yenyewe, iko kwenye banda la mabati, na ukimpelekea kitu hakuulizi ni cha nini, anakigeuza geuza anakuuliza unataka kikubane au kiteleze. Nikamwambia kiteleze ila kisicheze. Akacheka, akasema hiyo ndo kila mtu anataka. Tukakubaliana hivi, matundu yote tuyapanue yawe duara tena, tuingize bushi za shaba, pini mpya tukereze kwa chuma cha shafti ya zamani ya Isuzu maana kile chuma ni kizuri kuliko cha dukani. Kuna waliosema weka nailoni, ni rahisi na haihitaji grisi. Nailoni siikatai, lakini hii rodi inapita karibu na injini na bomba la ekzosi, joto pale si mchezo, nikaona nitarudi chini baada ya mwaka. Kila bushi tukaichonga mfereji na tundu la nipo, ile chuchu ya kupigia grisi. Kazi nzima elfu 85, pamoja na soda.

Rodi nilitengeneza mpya kabisa, bomba nene lisilo na mshono, ncha moja nikaiwekea uzi ili niweze kuirefusha na kuifupisha. Na hapa nataka mtu anisikilize kwa sababu wengi wanakosea. Ukifunga rodi usiifunge kwa kukadiria. Weka giaboksi frii kule nyuma kwa mkono wako, hakikisha shafti inazunguka. Halafu mtu mwingine ashike fimbo kebini iwe katikati kabisa, wima, inapotakiwa kuwa frii. Sa irefushe rodi taratibu mpaka pini iingie kwenye tundu yenyewe kwa kidole. Ukisukuma na nyundo, ukivuta na tindo, ujue rodi ni fupi au ndefu, na gia za upande mmoja zitaingia kabisa na za upande mwingine zitaingia nusu. Mimi na shemeji ilituchukua jioni nzima kwa sababu kila nikimwambia shika katikati anashika anapoona yeye ni katikati.

Bolti nazo zilinipa somo. Bedford ni ya inchi, uzi wa UNF na UNC (mwembamba na mnene wa vipimo vya inchi), spana zake ni 7/16, 1/2, 9/16. Gereji zetu zimejaa bolti za milimita. Bolti ya 5/16 unene wake ni milimita 7.94, kwa hiyo M8, yaani ya milimita 8, inaingia ukiisukuma, mtu anaona freshi. Lakini uzi hauendani, M8 hatua yake, yaani umbali toka uzi mmoja mpaka wa pili, ni milimita 1.25 na ile ya UNC ni kama 1.41. Inaingia raundi mbili tatu inakaza, mtu anadhani imekaa kumbe inatafuna. Kwenye kava ya juu ya giaboksi nilikuta M8 nne zimelazimishwa hivyo, mbili zikatoka na uzi wote kama springi. Dawa yake ni nzuri lakini, tundu la 5/16 lililoliwa ndo saizi hasa ya kupiga tepu, ile ya kukatia uzi mpya, ya 3/8 UNC, unapitisha drili ya milimita 8 kusafisha, unapiga tepu, basi. Tepu niliazima kwa jamaa anayetengeneza Land Rover za zamani, hao ndo ndugu zetu wa inchi.

Nimetaja kava ya juu, na mtajiuliza nilifuata nini huko kama shida ilikuwa kwenye rodi. Ndo hivyo, nilifurahi mapema. Tulipofunga kila kitu fimbo ikawa tamu, kirungu kinacheza sentimita moja tu, gia unazisikia zinaingia klak klak. Tukatoka mpaka Kisongo na kurudi. Namba mbili safi, nne safi. Tatu ukiachia mafuta ghafla kwenye mteremko, inatoka. Siyo kila mara kama mwanzo. Mara moja kati ya tano hivi. Nilikaa kwenye kebini nimezima gari nikaangalia ule mpira wa tyubu kwa muda mrefu.

Bahati waliojenga bodi ya kempu walikata kimlango kwenye sakafu ya nyuma, ukikifunua unaona kava. Ndani ya kava ndo kuna shafti tatu zinazoteleza, moja ya gia ya kwanza na pili, moja ya tatu na nne, moja ya rivasi. Kila shafti ina foki inayosukuma gia, na kila shafti ina mashimo madogo ambamo goroli inakaa ikisukumwa na springi. Ile klak unayoisikia ukiingiza gia ni goroli inadumbukia kwenye shimo lake. Hiyo goroli na springi ndo kazi yake kushika gia isitoke. Sasa ukivuta shafti nje, goroli inaruka. Niliambiwa. Nilijua. Nikaweka mkono juu kabisa. Ya kwanza nikaidaka, ya pili nikaidaka, ya tatu ikapita katikati ya vidole ikagonga bati la banda la jirani, tinnn, mpaka leo sijaiona. Kama unafuga kuku huku Sakina, Arusha, na mmoja hatagi, nitafute.

Springi tatu nikazisimamisha juu ya kioo, moja ilikuwa fupi kuliko wenzake kwa karibu milimita 4. Ni ya tatu na nne. Na foki yake, upande mmoja wa pedi umeliwa mpaka ukiangalia kwa pembeni ni kama mwezi mchanga, upande wa pili mzima. Nikampigia baba mkwe, alisharudi kwake. Akaniuliza, "Wewe ukiendesha mkono wa kushoto unauweka wapi?" Nikasema... juu ya gia. Kimya. "Basi mtangulizi wako naye aliuweka hapo." Yaani uzito wa mkono wako ukiuacha kwenye fimbo safari nzima unaisukuma foki ibane kwenye mfereji wa gia inayozunguka, inasagika kidogo kidogo, kilomita elfu na elfu. Alivyonieleza nikajiona mjinga kwa sababu nilikuwa nafanya hivyo hivyo nikiona ndo udereva.

Nilichofanya kwanza kilikuwa kosa. Springi nilishauriwa niweke washa chini yake, iwe ndefu. Nikaweka. Nikafunga kava, nikapanda, gia haziingii, unasukuma kwa mikono miwili. Springi ilikuwa imebanwa mpaka koili zimegusana, goroli haina pa kurudi. Nikafungua tena. Wengine wanasema ivute kwa koleo irefuke, inarefuka kweli, na baada ya wiki mbili inarudi ilikokuwa kwa sababu chuma kimeshachoka. Mwisho nikapata tatu mpya za unene na urefu wa zile nzima, kwenye duka la Kirinyaga Road Nairobi, ile ambayo wengine bado wanaiita Grogan, shemeji alikuwa na safari yake akapitia. Hazikuwa za Bedford, ni springi tu zilizolingana, nikabadilisha zote tatu na goroli zote tatu.

Foki ilijazwa kwa shaba. Jamaa wa gesi aliipasha moto ikawa nyekundu iliyoiva, akaiyeyushia fimbo ya shaba kwenye ile pedi iliyoliwa, siyo umeme, ukipiga umeme pale chuma kinakuwa kigumu halafu kinakata mfereji wa gia. Ikapoa polepole kwenye majivu. Kutoka hapo ni mimi na tupa, siku mbili, nachonga kidogo naingiza kwenye mfereji, natoa, nachonga, natafuta iingie na iteleze na nafasi ya karatasi tu pembeni. Hiyo kazi niliipenda kuliko zote. Mke wangu anapita anaona mtu mzima amekaa kwenye kigoda anapuliza unga wa shaba kwenye kidude cha umbo la kiatu cha farasi, anatikisa kichwa anaondoka.

Halafu nikafanya kosa la pili, hili kubwa. Kati ya zile shafti kuna vipini vidogo vinalala kwa pembeni, kama vidonge, kazi yake ni kwamba shafti moja ikisogea inavisukuma vizuie nyingine mbili, ili usije ukaingiza gia mbili kwa pamoja. Kimoja kilibaki kwenye kitambaa cha kufutia. Sikukiona. Nikafunga kila kitu na gasketi mpya niliyoikata kwa karatasi ya boksi la kalenda, nikawasha, klachi, gia ya kwanza, nikaachia, gari likatetemeka likazima kama limegonga ukuta. Fimbo haitoki popote. Gia ya kwanza na ya tatu zote zimeingia na shafti imejifunga yenyewe kwa yenyewe. Namshukuru Mungu nilikuwa nimesimama uwanjani. Nikafungua kava mara ya tatu, na kitambaa nikakikuta nimekiweka mfukoni kwa nyuma, kidonge changu kimo.

Oili nayo niseme. Niliyomwaga ilikuwa nyeusi na kwenye sumaku kulikuwa na tope la kijivu, hilo ni la kawaida, vipande vya meno hakuna. Kumbe yule bwana wa uzoefu na meno yake yaliyoisha! Mtu akaniambia weka oili ya daraja la GL-5, ni bora zaidi, namba kubwa. Kwenye difu, zile gia za ekseli, sawa. Lakini kwenye giaboksi ya zamani yenye ringi za shaba dawa ya salfa iliyomo kwenye GL-5 nyingi inakula shaba, nikatafuta GL-4 ya 80W-90 na ilinichukua maduka matano.

Kirungu cha juu nilikijaza nyufa kwa gundi ya epoksi nikakipiga msasa, namba za gia zilizochorwa juu yake bado zinasomeka, sikuzipaka rangi, nimeziacha zilivyofifia na vidole vya watu. Kile kiatu cha mpira kinachoziba pale fimbo inapoingia sakafuni kilikuwa hakipo miaka mingi, ndo maana kebini ilikuwa inanuka moshi. Nikakikata kwenye tyubu. Ndio, ule ule mkanda, ulikuwa na upana wa kutosha ukikunjwa, nikaubana na pete ya bati na bolti nne za inchi.

Jumamosi iliyopita tumepanda Karatu na kushuka. Namba tatu, mafuta nimeachia, mikono miwili kwenye usukani. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, shemeji anaangalia fimbo na mi naangalia barabara. Haikutoka. Pale chini tukanunua ndizi nyekundu tena, nikalala chini ya gari kuangalia, kava kavu, rodi kavu, ila kule nyuma kwenye lile boksi la fowili kuna sili inadondosha, nimeweka kopo tangu jana na asubuhi hii nimekuta limefika robo.